Programu ya akili unde haijawa tayari mpaka ijue kukataa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie jambo ambalo kurasa za teknolojia hulieleza nusu. Kila mara tunasoma habari za mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, aliyeieleza akili unde anachotaka, na kabla jua halijazama akapata programu yenye ukurasa wa kuingia, orodha ya bidhaa, kitufe cha kulipia na chati za mauzo. Habari hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba zinaishia pale kazi inapoanzia. Baada ya hapo watu huingiza wateja halisi, pamoja na namba zao za simu na fedha zao, katika kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu.

Tofauti ya mfano (yaani programu ya majaribio iliyotengenezwa ili ionyeshwe tu, prototype) na programu ya kazi haiko katika wingi wa vipengele. Mfano hupimwa kwa kile unachoonyesha mtu akibonyeza panapostahili. Programu ya kazi hupimwa kwa kile inachokataa: mtu asiyehusika, taarifa mbovu, malipo yaliyokwisha kupokewa, maombi elfu moja ndani ya dakika moja. Akili unde haikuagizwa kukataa chochote, kwa hiyo haikukataa. Anayetaka kuupeleka mfano kazini na ajiulize kila anapofungua faili: hapa kinapaswa kukataliwa nini, na nani anakikataa?

Kwanza kabisa, acha kuongeza vipengele. Weka msimbo wote kwenye Git, mfumo unaotunza kila toleo la msimbo, kisha andika orodha ya kurasa zote, majedwali yote, huduma zote za nje ambazo programu inaziita, pamoja na funguo zote za siri, yaani herufi zinazoiruhusu programu kutumia huduma hizo. Katika kuandika orodha hiyo utakutana na mambo mawili yanayojirudia karibu katika kila mfano. La kwanza ni takwimu za kubuni. Akili unde ilipokosa kanzidata (hifadhi ya taarifa za programu) ya kusoma, ilijaza majina na mauzo ya uongo ili ukurasa usionekane mtupu, na mara nyingi iliyaacha yawe akiba: huduma halisi ikishindwa kujibu, programu inarudi kimyakimya kwenye namba zile za uongo. Meneja anadhani anasoma mauzo ya leo, kumbe anasoma hadithi. Tafuta katika msimbo wote maneno kama mock, dummy, sample, fallback na placeholder, na kila yanapoficha kushindwa kwa huduma, weka ujumbe wa hitilafu mahali pake.

La pili ni hitilafu zinazomezwa. Msimbo umezungushiwa try na catch, amri za kujaribu jambo na kudaka hitilafu yake, na ndani ya catch hamna kitu isipokuwa mstari wa kuandika kwenye konsoli, mahali ambapo mtumiaji haoni. Mtumiaji anaambiwa "Imehifadhiwa" ilhali hakuna kilichohifadhiwa. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kila catch ama ijue kurekebisha tatizo lile mahususi, ama iliache lipande hadi mahali pamoja panapolirekodi na kumwambia mtumiaji ukweli. Usafi huu hauna mvuto, lakini bila kuufanya huwezi kuamini chochote utakachokipima baadaye.

Kisha funguo. Chochote kilichomo katika msimbo unaofika kwenye kivinjari ni mali ya umma, hata kama kimefichwa ndani ya faili lisilosomeka vizuri. Zana za Vite, za kutengenezea kurasa za wavuti, huingiza katika faili za kivinjari kila kigeu (thamani iliyopewa jina) kinachotumika humo chenye jina linaloanza na VITE_, na zana nyingine ya namna hiyo, Next.js, hufanya hivyo kwa NEXT_PUBLIC_. Akili unde ikiambiwa kwamba ufunguo haupatikani upande wa kivinjari, njia yake rahisi ni kubandika kiambishi hicho mbele ya jina. Hitilafu inaondoka, na siri inaondoka nayo. Kipimo chake ni chepesi: tengeneza toleo la mwisho, ingia katika folda ya dist au .next/static zinamokaa faili zake, tafuta herufi za kwanza za kila ufunguo wa siri. Ukiupata, au ukiupata katika historia ya Git, uhesabu umevuja. Kuufuta kwenye faili hakusaidii kwa sababu Git hutunza matoleo yote ya nyuma. Ubatilishe kwa mtoa huduma, chukua mpya, uweke katika vigeu vya mazingira vya seva. Huduma zinazotozwa kwa matumizi, kama kutuma SMS au kuita akili unde yenyewe, ziwekewe kikomo cha matumizi kwa siku kabla hazijapata mtumiaji wa kwanza.

Ruhusa ndiyo sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote. Orodha ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya mwaka 2021 ya hatari kumi kubwa za programu za wavuti iliweka udhaifu wa udhibiti wa ruhusa katika nafasi ya kwanza, na mifano ya akili unde huanguka hapo hapo. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Fungua akaunti mbili, A na B. Ukiwa A, tengeneza oda na unakili anwani inayoitwa nyuma ya pazia, ambayo utaiona katika kichupo cha mtandao cha zana za kivinjari. Ingia kama B na uite anwani ile ile. Ukiona oda ya A, programu hiyo haijawa tayari kupokea mteja hata mmoja. Rudia kwa kubadilisha, kufuta na kupakua faili, kisha rudia yote bila kuingia kabisa.

Chanzo chake ni kwamba akili unde huficha kitufe cha msimamizi kwa wasio wasimamizi na kuacha wazi anwani ya seva iliyo nyuma ya kitufe hicho. Kuficha kitufe ni adabu, si ulinzi. Hata pale seva inapokagua, mara nyingi hukagua kama mtu ameingia, haikagui kama kitu anachokiomba ni chake. Kila swali linalokwenda kwenye kanzidata linapaswa kubeba utambulisho wa mwenye mali, na utambulisho huo utoke katika kikao (session) cha mtu aliyeingia, kilichothibitishwa na seva, usitoke katika fomu aliyoituma mtumiaji.

Mifano mingi hutumia kanzidata ya PostgreSQL inayozungumza karibu moja kwa moja na kivinjari, na kinga yake pekee ni sera za ulinzi wa mistari (row level security), zinazoamua nani anaona mstari upi wa jedwali, ambazo zimo katika PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Ni kinga nzuri, ila ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza: ulinzi ukiwashwa bila sera yoyote, kila kitu kinakataliwa, ukurasa unakuwa mtupu, na akili unde ikiambiwa irekebishe huandika sera yenye using (true). Maana yake ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kila kitu. Tafuta maneno hayo katika sera zote na udai sababu ya kila moja. Mtego wa pili: mmiliki wa jedwali hapitiwi na sera hizo isipokuwa ulinzi ulazimishwe kwa FORCE ROW LEVEL SECURITY, kwa hiyo majaribio yanayofanywa kwa akaunti ya mmiliki hayathibitishi lolote. Jaribu kwa jukumu lile lile atakalolitumia mteja. Mtego wa tatu ndio unaosahaulika zaidi: sera hulinda mistari, hazilindi safu wima (column) za jedwali. Ukimruhusu mtumiaji kubadilisha mstari wake katika jedwali la wasifu, na jedwali hilo hilo lina safu ya cheo, anaweza kujipandisha kuwa msimamizi kwa ombi moja aliloliandika mwenyewe. Hamishia vyeo katika jedwali jingine asiloweza kuligusa, au mpe haki ya kubadilisha safu zilizotajwa moja moja.

Upande wa kuingia sina mengi ya kusema, kwa kuwa ushauri ni mmoja: usiandike wako. Tumia maktaba au huduma iliyokomaa. Ukilazimika kuhifadhi nywila, zipitishwe kwenye Argon2id au bcrypt, njia za kuzigeuza zisiweze kusomeka tena, ukijua kwamba bcrypt huangalia baiti 72 za mwanzo tu. Njia nyingine kama MD5 na SHA-256 hazifai kwa kazi hii kwa sababu zina kasi, na kasi humfaa mwizi anayekisia. Weka kikomo cha kujaribu kuingia na cha kuomba namba ya siri kwa SMS. Mlango wa SMS usio na kikomo unaweza kumaliza salio lako usiku mmoja bila mtu yeyote kuingia katika akaunti ya mwingine.

Tuje kwenye taarifa zenyewe, ambako makosa hayapigi kelele. Katika JavaScript, lugha ya msimbo wa kivinjari, 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Mfano ulioweka fedha katika namba za desimali za aina hiyo utaonekana sahihi mpaka siku ya kufunga hesabu. Hifadhi fedha kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu, au kwa aina ya numeric katika PostgreSQL. Saa zihifadhiwe kwa UTC, saa ya kimataifa, katika aina ya timestamptz na zibadilishwe wakati wa kuonyesha tu. Barua pepe na namba za simu zipewe sharti la kutojirudia ndani ya kanzidata yenyewe, kwa sababu ukaguzi wa kwenye fomu hupitwa na maombi mawili yanayofika kwa pamoja. Ndivyo bidhaa moja iliyobaki inavyouzwa kwa watu wawili: programu inasoma idadi, inaona 1, inapunguza, na wakati huo huo ombi la pili nalo limeshasoma 1. Dawa ni amri moja inayopunguza kwa sharti kwamba idadi ni zaidi ya sifuri, kisha kuangalia kama kuna mstari uliobadilika. Kama haukubadilika, mteja aambiwe bidhaa imekwisha.

Malipo yana kanuni zake. Bei isitoke kwenye kivinjari kamwe. Kivinjari kitume namba ya bidhaa na idadi, seva itafute bei. Ukurasa wa "Asante kwa malipo" si ushahidi wa malipo, maana mtu yeyote anaweza kuuandika katika upau wa anwani. Ushahidi ni taarifa inayotumwa na mtoa huduma wa malipo moja kwa moja kwenye seva yako, ikiwa na saini ya kidijitali inayothibitisha aliyeituma. Saini hiyo mara nyingi hukokotolewa juu ya baiti za ujumbe kama zilivyofika. Programu nyingi huufungua ujumbe na kuugeuza kuwa muundo wa taarifa wa JSON kwanza, saini inagoma, na akili unde inapoombwa kurekebisha hufikia hatua ya kuondoa ukaguzi wenyewe. Baada ya hapo yeyote anayeijua anwani hiyo anaweza kujitangazia kwamba amelipa. Pia taarifa ile ile inaweza kufika mara mbili au kufika nje ya mpangilio. Hifadhi namba ya tukio katika safu isiyoruhusu kujirudia, na uiandike ndani ya muamala ule ule wa kanzidata (hatua zinazofanikiwa zote au kushindwa zote kwa pamoja) unaobadilisha hali ya oda. Ikija tena, itakataliwa na kanzidata bila kumwongezea mtu salio.

Kuhusu mahali programu inapoishi, kosa la kwanza ni diski. Huduma nyingi za kisasa za kuhifadhi programu mtandaoni huanzisha kontena jipya, yaani chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu, kila unapotuma toleo, na diski ya kontena la zamani hutupwa. Mfano uliohifadhi picha za wateja katika folda ya uploads, au kanzidata ya SQLite, inayokaa yote katika faili moja, kando ya programu, utazipoteza zote kwa kubadilisha rangi ya kitufe. Faili ziende kwenye hifadhi ya nje, na kanzidata iwe huduma inayojitegemea.

Kosa la pili ni kuwa na kanzidata moja kwa majaribio na kazi. Mwezi Julai 2025 Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, jumuiya ya wafanyabiashara wa programu, alieleza hadharani jinsi wakala wa akili unde (programu inayotenda kazi yenyewe) wa kampuni ya Replit alivyofuta kanzidata yake ya kazi ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni hiyo alikiri tukio hilo na kutangaza kutenganisha kanzidata za majaribio na za kazi. Agizo lililoandikwa kwa maneno halimzuii wakala. Kinachomzuia ni kutokuwa na ufunguo. Kwa hiyo wakala apewe kanzidata ya majaribio yenye taarifa za kubuni, na nywila ya kanzidata ya kazi isiwepo kabisa mahali anapoweza kuisoma, yaani isiwe hata katika faili la .env (linalotunza siri za programu) la kompyuta anayofanyia kazi. Nakala rudufu zitengenezwe kila siku na zikae nje ya akaunti ile ile. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Irejeshe kwenye kanzidata tupu, hesabu mistari ya majedwali makuu, pima imechukua dakika ngapi. Namba hiyo ya dakika ndiyo utakayomwambia mwenye biashara siku mambo yakiharibika.

Kasi huja baadaye, na mara nyingi huponywa na mambo matatu. PostgreSQL haiweki faharasa (index, inayoharakisha utafutaji) yenyewe kwenye safu inayorejelea jedwali jingine, hivyo ziongeze kwenye zile unazotafutia. Orodha zote ziwe na kikomo cha mistari. Na idadi ya miunganisho ya PostgreSQL kwa mipangilio ya awali ni 100, ilhali vitendakazi visivyo na seva ya kudumu (serverless), vinavyojizalisha kila ombi linapokuja, hufungua muunganisho kila kimoja. Weka kigawanyi cha miunganisho kama PgBouncer katikati. Hakuna haja ya kuigawa programu inayotunzwa na mtu mmoja katika huduma ndogo kumi na kuuita mgawanyo huo maandalizi ya ukuaji.

Maktaba za nje, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, zikaguliwe moja moja, kwa sababu akili unde hubuni majina ya vifurushi visivyokuwepo, na wahalifu husajili majina hayo wakisubiri. Kabla ya kusakinisha, angalia kifurushi kina umri gani, kina msimbo wa wazi na kinatunzwa na nani. Hifadhi faili la package-lock.json, linaloorodhesha matoleo kamili ya maktaba hizo, na kwenye seva sakinisha kwa amri ya npm ci, ambayo hugoma kama faili hilo halilingani na package.json, orodha ya maktaba ulizoziomba.

Wengi huuliza kama akili unde inaweza kuifanya kazi hii ya pili yenyewe. Inaweza kufanya sehemu kubwa, kwa sharti kwamba anayeamua kilicho sahihi awe mtu, si yenyewe. Ukiiomba iandike majaribio ya msimbo wake, itasoma msimbo na kuthibitisha kwamba unafanya unachofanya, dosari zikiwemo. Majaribio yatokane na masharti ya biashara yaliyoandikwa na mtu, na anza na ya kukataa, kwa namba ambazo seva hujibu nazo: asiyeingia apate 401, asiye na ruhusa apate 403 au 404, oda iliyolipwa ikilipwa tena itoe 409, aliyezidisha maombi apate 429. Omba badiliko moja kwa wakati, lisomwe mstari kwa mstari kabla halijaunganishwa, na usiruhusu badiliko moja liguse msimbo na majaribio yake kwa pamoja. Jaribio likigoma, mtambo huona ni rahisi kulilegeza jaribio kuliko kutafuta kosa.

Mabadiliko ya majedwali yaandikwe katika faili zenye mpangilio, zihifadhiwe pamoja na msimbo, yasifanywe kwa kubofya kwenye dashibodi. Kubadilisha safu inayotumika kufanyike kwa awamu: ongeza safu mpya inayoruhusu kuwa tupu, acha programu iandike katika zote mbili, jaza mistari ya zamani kwa mafungu, hamisha usomaji, na katika toleo linalofuata ondoa ya zamani. Ukiruka awamu hutaweza kurudi kwenye toleo la nyuma. Kila ombi lipewe namba yake na namba hiyo iandikwe katika kumbukumbu za seva, bila nywila wala namba za kadi. Tahadhari ya kwanza ya kuweka ni idadi ya majibu ya 500 (hitilafu ndani ya seva), na iende kwenye simu ya mtu mwenye jina.

Nini kibaki na nini kitupwe? Kwa maoni yangu skrini, mtiririko wa kurasa na maneno yake hustahili kubaki, kwani hayo ndiyo maelezo bora ya anachotaka mwenye kazi kuliko waraka wowote. Muundo wa majedwali usanifiwe upya kabla ya kuingiza mteja wa kwanza, na njia za kuingia na za malipo ziandikwe upya bila kujadiliana. Mwenye kazi atasema "imebaki kidogo tu", kwa kuwa anachokiona kimekamilika. Mwonyeshe kile kipimo cha akaunti mbili akiwa amekaa mbele ya skrini. Kitamweleza zaidi ya makadirio ya bei.

Na kabla ya kusaini mkataba, kagua jina la kikoa, akaunti ya mwenyeji, kanzidata, huduma ya malipo na hazina ya Git vimesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Katika mifano mingi ni barua pepe binafsi ya aliyeijaribu zana ile siku ya kwanza. Vihamishiwe kwenye akaunti ya biashara, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na watu wawili wawe na uwezo wa kuingia, kabla programu haijatangazwa kwa yeyote.

Wasalaam,
Mhandisi wa programu, msomaji wako